UZI: Gemu za kompyuta kwenye Linux kwa laptopu za mtumba, niliyoyaona hapa Mtwara

Kuli wa Shangani

Wakuu, habari za masika huko mliko.

Nina kibanda Chikongola. Mchana natoa kopi na kuchapa barua, jioni vijana wanalipia muda wa gemu. Mashine ni nne, zote za mtumba zilizoshuka na basi kutoka Kariakoo: HP EliteBook 840 G1 mbili, 840 G3 moja na ThinkPad T460 moja. Windows 10 ilipofika mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, fundi mmoja hapa mjini akaanza kuwaambia wateja kwamba mashine zao zimekufa, kwa sababu Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa kuanzia kizazi cha 8. Hilo la masharti ni kweli. La kufa si kweli. Nimemwona binti wa chuo akiuza T460 nzima, kioo hakina hata mkwaruzo, kwa pesa isiyotosha kununua betri yake. Iliniuma sana, na ndiyo sababu nimekaa kuandika.

Niliweka Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ile ya XFCE ambayo ni nyepesi. Ni bure, msimbo wake uko wazi, na toleo la 22 litapata masasisho hadi Aprili 2029. Faili lake ni karibu GB 3, nikalishusha kwa bando la usiku, nikaliandika kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus. HP unabonyeza F9 inapowaka, ThinkPad F12, unachagua flashi. Unaweza kuizungukia yote ukiwa kwenye flashi, intaneti, sauti, kioo, bila kugusa diski yako. Usiruke hatua hiyo.

Wiki ya kwanza nilikata tamaa. Kila gemu ya Windows niliyofungua kwenye 840 G1 ilikuwa hivyo hivyo: skrini nyeusi, sekunde tatu, imefunga. Nikabadilisha hili na lile, nikasanidi mfumo upya mara mbili, bando likaisha. Nikamwambia shemeji yangu kwamba Linux haifai kwa gemu. Jumapili moja, kioo cha G1 kilipoleta shida, nikachomoa diski yake na kuichomeka kwenye G3 ili mteja amalizie kazi yake. Jioni nikafungua gemu ile iliyonitesa. Ikawaka. Diski ile ile, Linux ile ile, gemu ile ile, kilichobadilika ni mashine tu. Sikulala usiku ule, nilikuwa nasoma.

Nilichoelewa ni hiki. Gemu ya Windows imeandikwa ikizungumza na Windows: nifungulie faili hili, nichoree picha hii, nitolee sauti hii. Linux haiijui lugha hiyo. Kuna programu inaitwa Wine, kazi iliyoanza mwaka 1993, inakaa katikati, inapokea maombi hayo na kuyaeleza kwa Linux. Haiigizi prosesa nyingine, maana prosesa ni ile ile, inatafsiri maombi tu. Ni kama meli ya kigeni inapotia nanga bandarini kwetu msimu wa korosho: nahodha anasema chake, makuli wanasema chao, mkalimani yuko katikati. Magunia hayabadiliki na mabega hayabadiliki. Ndiyo maana kasi haipungui kama watu wanavyodhani.

Agosti 2018 kampuni ya Valve, wenye duka la gemu la mtandaoni liitwalo Steam, wakishirikiana na CodeWeavers, waliichukua Wine wakaifunga ndani ya Steam kwa jina la Proton. Ndani ya Proton kuna kipande kinachoitwa DXVK, alichokianzisha Philip Rebohle. Kazi yake ni kuchukua maagizo ya picha ya Windows, yaani Direct3D, na kuyageuza kuwa Vulkan, lugha ambayo kadi ya picha inaielewa ikiwa kwenye Linux. Na hapa ndipo G1 yangu iliponasa. Kuanzia DXVK 2.0, iliyotoka Novemba 2022, inahitajika Vulkan 1.3. Picha za ndani za Intel kizazi cha 4 hazifiki huko. Za kizazi cha 6 zinafika.

Kwa hiyo kabla hujapoteza bando, angalia namba ya prosesa yako. i5-4300U, ile 4 ya mwanzo ndiyo kizazi. i5-6300U ni cha 6. Kwenye EliteBook 840, G1 ni kizazi cha 4, G2 ni cha 5, G3 ni cha 6. ThinkPad T440 ni cha 4, T460 ni cha 6. Mtu akikuuzia laptopu sokoni atakutajia i5 tu, na i5 peke yake haikuambii kitu.

Mwenye kizazi cha 4 hajafungiwa mlango wote. Kwenye Steam bonyeza gemu kwa kitufe cha kulia, fungua Properties, sehemu ya Launch Options uandike:

PROTON_USE_WINED3D=1 %command%

Hapo picha hazipiti Vulkan, zinapita njia ya zamani ya OpenGL. Ni nzito zaidi na gemu mpya hazitaki, lakini gemu za miaka ya 2000 na mwanzoni mwa 2010 nyingi zinakubali. G1 zangu mbili ndizo vijana wanachezea gemu ya mpira ya PES 2013 kila jioni, na pedi za PS4 zimetambulika zenyewe bila draiva yoyote ya ziada.

Kwenye G3 na T460 tunacheza Euro Truck Simulator 2, ambayo ina toleo lake la Linux kabisa, haihitaji hata mkalimani. Stardew Valley hali kadhalika. PES 2017 naiendesha kwa programu ya Lutris, ambayo ni ya kupangia gemu zisizotoka Steam. GTA V upande wa hadithi inafunguka, lakini kwa picha za ndani za Intel HD 520 inabidi ushushe kila kitu hadi chini kabisa, na ni zaidi ya GB 100, kwa hiyo fikiri mara mbili. Counter-Strike 2 ina toleo la Linux, ila mashine hizi haziiwezi, inakwamakwama hadi macho yanauma.

Nitaongeza kuhusu bando baadaye, wateja wamefika. Ulizeni.

---

Mpigazumari

Mkuu, Mungu akubariki. Mimi nina hiyo hiyo 840 G1 nilinunua pale karibu na stendi, mwezi wa tatu sasa nahangaika na skrini nyeusi. Nilidhani RAM. Nikirudi nyumbani najaribu hiyo amri, nitaleta majibu.

---

Mwera wa Mtama

Kuli, uzi mzuri, ila kwa sisi wa mpira twende kwenye neno moja. Gemu ya FC ya mwaka huu, kucheza mtandaoni na watu wa Dar, inakubali au haikubali? Nataka jibu la moja kwa moja.

---

Kuli wa Shangani

Haikubali, kaka. Sitaki upoteze bando lako kwa ajili ya kunifurahisha mimi.

Sababu si nguvu ya mashine. Gemu hizo zina kizuizi cha kunasa wanaocheza kwa udanganyifu, na kizuizi chenyewe kinataka kukaa ndani kabisa kwenye kiini cha Windows, chini ya programu zote. Wine inatafsiri maombi ya programu za kawaida. Kiini cha Windows haina, na haiwezi kujifanya inacho. Kwa hiyo FC za karibuni, Valorant, Warzone na League of Legends zote zisahau ukiwa kwenye Linux.

Kuna vizuizi vingine viwili vinavyotumiwa na gemu nyingi, EasyAntiCheat na BattlEye. Hivyo tangu mwaka 2021 vinaweza kufanya kazi na Proton, lakini mwenye gemu lazima aruhusu mwenyewe. Wengine wameruhusu, wengine, kama wenye Fortnite, hawataki. Apex Legends walikuwa wameruhusu, wakafunga tarehe 31 Oktoba 2024 wakisema wadanganyifu wanapitia Linux. GTA Online nayo ilifungwa kwetu Septemba 2024 walipoweka BattlEye, ingawa hadithi yenyewe inachezeka.

Kabla hujanunua au kushusha gemu yoyote ingia ProtonDB, uandike jina lake. Watu waliojaribu wanaeleza mashine zao na matokeo, na gemu inapewa daraja kuanzia Platinum hadi Borked. Borked maana yake usisogee. Soma na maelezo, usiishie kwenye daraja, maana mwenye kadi ya nguvu Ulaya anaweza kuipa Platinum gemu ambayo HD 520 yako haiwezi kuibeba.

---

Mwera wa Mtama

Umenijibu kiume, nashukuru. Basi nabaki na Windows kwa ajili ya hiyo moja. Naweza kuweka zote mbili?

---

Kuli wa Shangani

Unaweza, na ukiwa na nafasi ya diski mbili ni bora zaidi, kila mfumo na diski yake. Ila kuna kosa nililifanya lililonigharimu siku tatu, lisikukute. Gemu zangu zilikuwa kwenye sehemu ya diski ya Windows, yenye mpangilio wa NTFS. Nikasema nisishushe upya, nikaielekeza Steam ya Linux izisome palepale. Zikawa zinagoma moja baada ya nyingine. Proton inaunda folda zenye viungo na majina ambayo NTFS haiyamudu vizuri, na Windows ikizimwa kwa ile njia yake ya kuwaka haraka inaacha diski imefungwa nusu, Linux inaweza kusoma tu. Zihamishie gemu kwenye sehemu ya ext4, yaani ya Linux yenyewe. Kunakili hakuli bando.

---

Nang'olo wa Newala

Vijana, mimi nina miaka mingi kwenye kompyuta, tangu enzi za Windows 98. Kwa nini kujitesa hivi? Windows ya kukraki unawekewa kwa elfu kumi, gemu unaletewa kwenye flashi kwa elfu mbili, unacheza jioni hiyo hiyo. Hii Linux ni ya wenye muda.

---

Kuli wa Shangani

Shikamoo mzee wangu. Nakuelewa, nami nilianza hivyo hivyo.

Nikueleze kilichonitoa huko. Mwaka juzi kijana aliniletea gemu kwenye flashi, akaiweka kwenye mashine ninayochapia barua. Ndani ya gemu kulikuwa na kirusi. Kesho yake mafaili yote yamefungwa, yanadai dola. Kulikuwa na barua za maombi ya kazi za watu, mikataba ya viwanja, ripoti ya mazoezi ya mwanafunzi aliyebakiza siku mbili kuikabidhi. Nilikaa naye usiku kucha tukiiandika upya kutoka kwenye daftari lake. Siwezi kulisahau lile. Zile programu za kukrakia ndizo zinazokuomba uzime kinga ya virusi kwanza, mzee, na watu wanazima.

Kwa gemu za bure zipo njia halali. Epic, duka jingine la gemu la mtandaoni, wanatoa gemu ya bure kila wiki, na kwenye Linux unazipata kwa programu ya Heroic. Steam hupunguza bei sana mwishoni mwa Juni na mwishoni mwa Desemba. Hiyo ya Desemba kwetu inaangukia wakati pesa ya korosho iko mikononi. Malipo unafanya kwa kadi ya Visa ya mtandaoni inayotengenezwa kwenye huduma ya pesa ya simu, huhitaji kwenda benki.

---

Nang'olo wa Newala

Marahaba. La kirusi nakubaliana nawe, na mimi yamenikuta. Lakini bado nasimama: duka langu lina programu ya hesabu ya Windows, nikijaribu Linux nikakwama Jumatatu asubuhi, wateja hawatanisubiri nisome uzi. Kwa kijana wa gemu sawa. Kwa mashine ya kazi, mtu asikurupuke.

---

Kuli wa Shangani

Hapo umesema kweli tupu mzee, na sitabishana. Mashine yangu moja ya kuchapia ndiyo niliyoihamisha mwisho kabisa, baada ya miezi miwili.

---

Mwalimu Mitwero

Habari zenu wote. Niko Lindi, nasimamia klabu ya kompyuta ya shule. Tuna dezktopu sita za msaada, RAM GB 4, picha za ndani, prosesa nyingine hata sijui ni za lini. Intaneti ni simu yangu. Watoto wanataka gemu, mkuu wa shule anataka wajifunze. Kuna njia?

---

Dada wa Mkuti

Mwalimu, kwa mashine hizo achana na Proton na Steam kabisa. Mimi niko Masasi, nimepitia njia hiyo na watoto wa dada yangu. Tafuta gemu zilizoandikwa kwa Linux tangu mwanzo, ambazo zenyewe ni huria. Unashusha mara moja, unazigawa kwa flashi kwa mashine zote sita, na ni halali, hakuna leseni utakayoivunja.

Kwa wadogo kuna GCompris, ya miaka 2 hadi 10: kuhesabu, herufi, saa, kumbukumbu, hata mchezo wa bao la Kiafrika. Tux Paint ya kuchora. Kwa wakubwa SuperTuxKart, mbio za vigari, watoto wawili hadi wanne wanaweza kucheza kwenye skrini moja, na ikiwa mna swichi ya mtandao na waya wanashindana mashine kwa mashine bila intaneti. OpenTTD ya kupanga reli, barabara na bandari, hiyo inaingia hata kwenye mashine ya kizamani sana. Luanti, iliyokuwa ikiitwa Minetest hadi mwaka 2024, ni ya kujenga kwa matofali na watoto wanaweza kuandika vipande vya msimbo ndani yake.

Halafu ipo 0 A.D., ya kujenga dola za kale na kupigana. Ni nzito kidogo kwa GB 4, cheza ramani ndogo. Ila ndani yake wamo Wakushi, watu wa Nubia, kwenye Sudani ya leo, na piramidi zao. Mpwa wangu wa darasa la sita aliniuliza kama kweli kulikuwa na piramidi nje ya Misri. Tukatafuta kitabu. Kwa jioni mbili hakugusa gemu, alikuwa anasoma kuhusu Meroe.

Hizo zote ziko kwenye meneja wa programu wa Mint. Huhitaji kuzunguka kwenye tovuti za ajabu.

---

Mwalimu Mitwero

Dada, sina la kusema zaidi ya asante. Hilo la Wakushi nampelekea mwalimu wa historia leo hii.

---

Dada wa Mkuti

Nami nina swali kwa Kuli. Nimepata dezktopu ina kadi ya NVIDIA GT 710. Nimeweka draiva, Mint inasema iko sawa, lakini gemu za Proton zinaanguka kama za huyo Mpigazumari. Prosesa ni kizazi cha 7, kwa hiyo si tatizo lile la kizazi cha 4?

---

Kuli wa Shangani

Dada, ni tatizo lile lile limevaa nguo nyingine. GT 710 ni ya familia ya Kepler, na NVIDIA waliiachia kwenye draiva za mfululizo wa 470, ambazo zinaishia Vulkan 1.2. DXVK mpya inataka 1.3. Kwa hiyo kadi inaonekana iko sawa kwa kila kitu, hadi gemu iitishe Vulkan.

Fanya hivi: zima mashine, itoe kadi kabisa, chomeka kioo kwenye picha za ndani za prosesa. Kizazi cha 7 kinafika Vulkan 1.3. Ajabu yake ni kwamba bila kadi utapata gemu nyingi kuliko ukiwa nayo. Ukija kununua kadi ya mtumba, GTX 750 Ti ni familia ya Maxwell, hiyo inakubali. Za AMD kama RX 550 au RX 570 ni rahisi zaidi maana draiva yake inakuja na Linux yenyewe, huweki chochote.

---

Kilwa Masoko

Nimekuwa nikisoma kimya. Naomba niongezee la bando, maana Kuli aliahidi akasahau.

Mei 2024 sisi huku tulipata mitihani miwili kwa mwezi mmoja. Kwanza kimbunga Hidaya, barabara ikakatika Somanga, mzigo wangu wa diski za SSD ukakaa Dar. Siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya za baharini zikakatika na intaneti ikawa ya kubahatisha nchi nzima. Nilijifunza mambo ambayo leo yananiokolea pesa hata kukiwa na mtandao mzuri.

La kwanza: washa kila gemu angalau mara moja ukiwa na mtandao, halafu ndipo uiweke Steam kwenye Offline Mode. Usiposubiri ifunguke mara ya kwanza, inakuwa haijakamilisha vipande vyake, na siku mtandao umekufa itakukataa.

La pili: Steam kwenye Linux ina tabia ya kushusha vipande vya picha vilivyoandaliwa mapema, inaita Shader Pre-Caching. Lengo ni gemu isikwamekwame mwanzoni. Lakini vinasasishwa tena na tena, na mtu anaamka asubuhi anakuta bando limeliwa bila kucheza dakika moja. Nenda Settings, Downloads, izime. Gemu itakwamakwama kidogo siku ya kwanza, kisha itazoea.

La tatu ndilo kubwa. Tangu mwaka 2023 Steam inaweza kuhamisha gemu kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia ruta ya ndani. Sisi tuko wanne mtaani. Mmoja anashusha usiku, Jumamosi tunakutana kwake na laptopu, kila mwenye gemu hiyo kwenye akaunti yake anaivuta kutoka kwa mwenzake. Intaneti inayotumika ni ile ndogo ya kuingia akaunti. Mwenye Windows anampa mwenye Linux bila shida kama gemu ni ile ya kupita Proton, maana mafaili ni yale yale.

---

Kuli wa Shangani

Ahsante sana ndugu, hilo la tatu sikulijua, na nimekuwa nikinakili kwa diski ya nje miezi yote hii. Leo leo nalijaribu.

Niongeze la umeme, maana ndugu zetu wa Dar wanaosoma hapa hawaelewi kwa nini tunalisema kila mara. Mikoa hii kwa miaka mingi ilikuwa nje ya gridi ya taifa, tukiishi kwa mitambo ya gesi ya Mnazi Bay hapa hapa, na mtambo ukisumbua mji mzima unajua. Desemba umeme ulikatika T460 ikiwa katikati ya kusasisha mfumo, na betri yake ya nje nilikuwa nimeitoa. Ilipowaka ikaishia kwenye maandishi meupe. Kilichoniokoa ni Timeshift, ipo ndani ya Mint tangu siku ya kwanza. Inapiga picha ya mfumo kwa ratiba unayoipanga. Niliwasha kwa flashi, nikafungua Timeshift, nikaurudisha mfumo kwenye hali ya juzi yake, dakika ishirini mashine ikawa kazini. Ipangeni kabla hamjaihitaji. Kumbukeni inatunza mfumo, haitunzi barua na picha zenu, hizo wekeni pengine.

---

Mwera wa Mtama

Swali la mwisho toka kwangu. Kwa nini hawa Valve wanahangaika na Linux, wakati wateja wao karibu wote wako Windows? Isije siku moja wakaacha tukabaki solemba.

---

Kilwa Masoko

Kwa sababu wanauza mashine yao wenyewe, Steam Deck, iliyotoka Februari 2022, na ndani yake ni SteamOS, ambayo ni Linux iliyojengwa juu ya aina nyingine ya Linux iitwayo Arch. Kila gemu wanayoirekebisha ikubali kwenye Deck inakubali na kwako. Hawataki biashara yao yote itegemee mlango wa kampuni nyingine. Na Oktoba 2025 Linux ilivuka asilimia 3 ya watumiaji wa Steam kwenye takwimu zao wenyewe. Ni wachache, lakini miaka kumi nyuma hawakufika hata asilimia 1.

Hata wakiacha, Wine na DXVK ni huria. Msimbo uko wazi, mwingine anauokota na kuendelea nao. Ndiyo tofauti na programu ambayo mwenyewe akiizima imezimika.

---

Mpigazumari

Wakuu nimerudi. Nimeandika ile amri ya WINED3D kwenye 840 G1. Gemu tatu nilizokuwa nazo: ya kwanza, ya mwaka 2009, imefunguka na inakimbia fremu 40 na kitu kwa sekunde. Ya pili, ya 2012, imefunguka, fremu 25 hivi, nimeshusha ukubwa wa picha hadi 1280 kwa 720 ikapanda 31. Ya tatu ni ya 2019, imekataa kabisa, na nimeangalia ProtonDB inasema inataka Direct3D 12, kwa hiyo nimeiacha. Mdogo wangu amecheza hadi betri ikaisha.

Kitu kimoja tu: sauti kwenye ile ya pili inakatikakatika kama redio ya mawimbi mafupi.

---

Kuli wa Shangani

Nimefurahi mno kusikia, njomba. Kwa sauti, kwenye Launch Options uweke na hii mbele ya ile amri, ziwe kwenye mstari mmoja na nafasi katikati:

PULSE_LATENCY_MSEC=60 PROTON_USE_WINED3D=1 %command%

Ikiendelea kukatika panda hadi 90. Halafu angalia ikoni ya betri, kama umeiweka kwenye hali ya kutunza chaji prosesa inashushwa kasi, na sauti ndiyo inayoumia kwanza. Cheza ikiwa imechomekwa, utuambie.